Rangi ya Mashua Ukutani

Nyumbani kwa Effie Rideout birika halikushuka jikoni. Alfajiri lilichemka kwa ajili ya chai ya Ches, mumewe. Saa nne lilichemka kwa ajili ya jirani yeyote aliyepita. Jioni lilichemka tena, hata kama hakuna aliyeomba chai. Alhamisi na Jumapili palikuwa na sufuria kubwa pia. Humo ilichemshwa nyama ya chumvi, viazi, karoti na kabichi kwa saa tatu nzima, kama alivyofanya mama yake. Nguo zilizofuliwa zilianikwa juu ya jiko, kwenye fito mbili. Pelley's Reach ni kijiji cha kisiwani, mahali pa ukungu. Anayengoja jua limkaushie soksi atatembea peku.

Majira yote ya baridi madirisha ya jikoni yalichuruzika maji. Effie aliyafuta kwa kitambaa, wala hakuyafikiria tena. Alichokifikiria ni ukuta.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, ya ghorofa moja. Aliijenga baba yake Effie. Mbele ilitazama bahari. Jiko lilikuwa nyuma, upande wa kilima. Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, rangi ya ukuta wa jikoni ilifura malengelenge. Kisha ilipasuka na kubanduka vipande vipande. Ukuta wa mbele haukuwa na lengelenge hata moja.

"Hivi, mzee," Effie alimwambia Ches asubuhi moja ya mwezi wa Mei. "Upepo unapiga mbele. Kwa nini rangi inabanduka nyuma?"

"Chumvi ya bahari," alijibu Ches. Alikuwa anakoroga kopo la rangi kwa kijiti. "Chumvi inazunguka."

"Inauacha ukuta wa mbele, inazunguka nyumba nzima, inakuja kunitembelea mimi jikoni?"

"Chumvi haina adabu, bibie."

Ches alikuwa fundi wa mashua. Kila Mei alipaka mashua yake rangi. Rangi iliyobaki aliipaka nyumba. Baba mkwe wake alifanya hivyohivyo, na karibu kila mwanamume wa Pelley's Reach. Ukiuliza sababu, jibu lilikuwa moja: rangi inayoishinda bahari itashindwaje na mvua?

Mwaka huo kila mtu alikuwa na brashi mkononi. Ulikuwa Mwaka wa Kurudi Nyumbani. Barua zilikuwa zimetumwa kwa wote waliohamia bara, kuwaita waje mwezi wa Agosti. Hakuna aliyetaka wageni wakute nyumba yake imechakaa. Effie naye alikuwa na mgeni wake. Dada yake mkubwa, Triffie, alikuwa amepiga simu kutoka bara.

"Nitakuja, mdogo wangu," Triffie alisema. "Lakini macho yangu yameharibika. Katikati sioni kitu, ni ukungu mtupu. Pembeni ndiko bado naona kidogo."

"Tutakuja kukupokea, dada. Nitakushika mkono."

"Hunishiki mkono wala mguu. Mtaniteremsha kanisani, niteremke kilima peke yangu kama nilivyokuwa nikitoka shule. Nyumba ya baba nitaijua kwa rangi yake."

Effie alirudisha simu mahali pake. Triffie aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa. Alirudi mara moja tu, kumzika mama yao. Siku hiyo alisimama mlangoni, akautazama ukuta wa kijivu, akasema, "Hii si nyumba yetu." Akalala kwa jirani. Maneno yale yalimchoma Effie, na bado yalimchoma.

Aliogopa kuuliza ni rangi gani. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Alidhani ilikuwa nyeupe. Ches alisema kijani. Picha walizokuwa nazo zilikuwa nyeusi na nyeupe zote.

"Basi tupake hii," Ches alisema, akiinua kopo lake. Ilikuwa kijivu, iliyobaki ya mashua.

"Kijivu katika ukungu?" Effie aliuliza. "Kwa mtu asiyeona? Si bora tuifukie nyumba kabisa?"

Saa nne asubuhi hiyohiyo alipita Dulcie Keeping. Dulcie alikuwa seremala. Miaka mingi alifanya kazi ya kutengeneza makanisa na nyumba za zamani. Alikuja kunywa chai, lakini hakuingia ndani. Alisimama nyuma ya nyumba akiukodolea macho ukuta wa jikoni.

"Shangazi Effie, ukuta huu umepakwa lini?"

"Mwaka jana. Na mwaka juzi. Na mwaka ule mwingine."

"Na mwaka huu tunaupaka kesho," Ches alidakia.

"Mjomba Ches, ukipaka kesho, mwakani utapaka tena," alisema Dulcie. "Kwanza tuuulize una shida gani."

"Tuuulize ukuta," Ches alirudia. Alimtazama mkewe. "Umesikia?"

Dulcie hakumjali. Aliwapeleka mbele ya nyumba kwanza. Alipitisha kiganja ukutani, kisha akakionyesha. Kilikuwa na unga wa kijivu, kama wa chaki.

"Hapa rangi imezeeka tu," alisema. "Jua na upepo vimeila. Ukiona unga hivi, ujue wakati wa kupaka umefika. Unaosha, unaacha ukauke, unapaka. Hapa hakuna ugonjwa."

Walirudi nyuma. Dulcie alichukua kipande cha rangi kilichoning'inia, akakigeuza.

"Tazameni. Ingekuwa tabaka la juu tu limetoka, ningesema mpakaji alikuwa na haraka." Alimtupia Ches jicho. "Lakini hapa matabaka yote yametoka pamoja. Ubao umebaki uchi. Kuna kitu kinaisukuma rangi kutoka nyuma."

"Chumvi," Ches alisema.

Dulcie alitoa kisu kidogo. Alilitoboa lengelenge moja kubwa chini ya dirisha. Tone la maji lilitoka, likateremka polepole ukutani.

Effie alisogea karibu. Miaka yote hiyo alikuwa ameyaona malengelenge yale, na hata siku moja hakuyatoboa. Ches naye alisogea. Kabla hawajamzuia, alilikinga tone la pili kwa kidole, akalionja.

"Tema hiyo, mjomba," Dulcie alisema kwa ukali. "Rangi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Ni sumu. Nenda kasukutue."

Ches alitema. Alikwenda kusukutua kwenye bomba la uani. Alirudi akifuta midomo, uso umemshuka.

"Haya," Effie alisema. "Ina chumvi?"

"Haina," Ches alikiri. Kisha akapata nguvu. "Basi ni mvua."

"Mvua haijanyesha siku tisa," alisema Dulcie. "Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Jiko langu," alijibu Effie.

Waliingia ndani. Ilikuwa Alhamisi. Sufuria ilikuwa inachemka, birika linachemka, na juu yake zilining'inia suruali tatu za Ches zikitoa mvuke. Madirisha yalikuwa yamejaa ukungu. Dulcie alisimama katikati ya jiko. Effie alilitazama jiko lake kama mgeni.

"Mvuke huu," alisema taratibu. "Unakwenda wapi?"

"Unafikiri unakwenda wapi, shangazi?"

Effie aliweka kiganja ukutani, karibu na jiko. Palikuwa na unyevu. "Unaingia ukutani," alisema.

"Unaingia ukutani. Majira ya baridi ukifika kwenye ubao wa nje, ambao ni baridi, unageuka maji. Maji yanataka kutoka. Yanakuta rangi ya mashua. Mjomba Ches, rangi ya mashua kazi yake nini?"

"Kuzuia maji," Ches alisema. "Hata tone lisipite."

"Basi nayo inafanya kazi yake. Kwa mashua, maji yako nje. Kwa nyumba hii, maji yako ndani. Wewe unayafungia mlango, nayo yanauvunja."

Ches alivuta kiti akaketi. Alizitazama suruali zake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mwishowe, na hata yeye akacheka kidogo.

Dulcie alichukua bisibisi, akatoka kuuchoma ukuta ubao mmoja mmoja. Effie alimfuata. Mbao nyingi zilikuwa ngumu, bisibisi haikuingia. Chini ya dirisha ilizama kama inaingia kwenye mkate.

"Umeoza?" Effie aliuliza.

"Mbao nne tu. Ungengoja miaka mitano zaidi, ningekuambia bomoa ukuta mzima."

Effie alipumua. Lakini swali lake kubwa lilikuwa bado. Alimweleza Dulcie habari ya dada yake, na habari ya siku ile ya mazishi. "Kupaka tutapaka," alisema. "Lakini sijui rangi gani."

"Nyumba inajua," alisema Dulcie. "Tuitafute."

Alichagua mahali karibu na mlango, chini ya upenu, ambapo mvua haifiki. Alivaa barakoa, akatandika karatasi ya plastiki chini. Alilowesha ukuta kwa maji, ndipo akaanza kusugua kwa msasa, akizungusha taratibu.

"Msisugue rangi ya zamani ikiwa kavu," alisema. "Vumbi lake mtalivuta, mtaliingiza ndani kwa viatu, na mtoto atalilamba sakafuni. Lowesheni kwanza. Vipande vyote viingie kwenye mfuko. Halafu mnanawa."

Duara dogo lilitokea ukutani. Katikati lilikwenda chini zaidi, na kila tabaka liliacha ukingo wake. Kijivu. Kisha buluu. Kisha kijani. Kisha nyekundu, njano, nyeupe, na mwisho kabisa rangi ya udongo mwekundu, iliyokuwa imeingia ndani ya ubao wenyewe. Effie aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Alishangaa kwamba alikuwa amepita mbele ya rangi zote hizo kila siku ya maisha yake.

"Sasa ipi ni ya mwaka alioondoka Triffie?" aliuliza.

Dulcie alitikisa kichwa. "Hapo mimi sijui. Nyumba haiandiki tarehe."

Ches alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mifukoni. Alijongea. Aliweka kidole kwenye ukingo wa kijivu.

"Hii ni mashua yangu ya sasa," alisema. "Na ile iliyotangulia." Kidole kikashuka. "Buluu, ni ile niliyouza mwaka serikali ilipofunga uvuvi. Kijani, ya kwanza kuijenga mwenyewe, mwaka tuliooana. Nyekundu ni ya baba yako, iliyovunjika mwambani." Kidole kikashuka tena. "Kabla ya hapo alikuwa na ile aliyoijenga shule ilipoungua. Majira hayo ya baridi nilikuwa nikimshikia mbao, mimi na Triffie. Aliizindua Juni. Triffie akaondoka Septemba."

"Ilikuwa rangi gani?"

"Njano," alisema Ches. "Njano ya kiini cha yai. Ilionekana kutoka mbali sana." Alimgeukia mkewe. "Kumbe nilikuwa najua. Hukuniuliza habari ya mashua, uliniuliza habari ya nyumba."

Effie alitaka kumpiga na kumkumbatia. Akamfanyia yote mawili, kidogo kidogo.

"Msikimbilie dukani," Dulcie alionya. "Rangi ya mafuta ikikaa gizani miaka mingi hugeuka manjano yenyewe. Hata nyeupe. Acheni duara lipate mwanga wiki nzima. Ikiwa ni nyeupe iliyochakaa, itapauka."

Kila asubuhi Effie alitoka na kikombe cha chai kulitazama duara. Lile tabaka la njano lilififia kidogo, kisha likakataa kufifia zaidi. Siku ya nane alimwita Ches. "Alikuwa njano kweli," alisema, kana kwamba anamzungumzia mtu.

Kazi ilianza. Ches alitoboa ukuta karibu na jiko, akaweka feni na bomba la kutoa mvuke nje. Effie alifunika sufuria, akafungua dirisha kila alipopika, na akahamishia nguo kwenye kamba uani. Siku za ukungu alizianika kwenye kibanda cha mashua. Dulcie aliondoa mbao nne zilizooza, akaweka mpya. Kati ya mbao alipachika vipande vidogo vya kabari, ili hewa ipite nyuma yake. Rangi iliyolegea iliondolewa ikiwa imeloweshwa. Kisha ukuta uliachwa wazi kwa wiki tano.

"Wiki tano uchi," Ches alilalamika. "Majirani wanatuonaje?"

"Kupaka ubao wenye unyevu ni kuyafungia maji humohumo," Dulcie alijibu. "Unataka kuanza upya?"

Hakutaka.

Effie alileta kutoka dukani vipande vya karatasi vyenye njano kumi na mbili. Alipenda moja kali. Dulcie alimzuia.

"Karatasi ya ukubwa wa kidole haisemi kweli, shangazi. Rangi ikienea ukuta mzima huonekana kali maradufu. Nunua makopo madogo. Paka mbao kubwa, ziegemeze ukutani, uzitazame asubuhi, mchana, na siku ya ukungu. Tazama pia paa lako. Paa hulibadilishi mwaka huu, kwa hiyo rangi ikubaliane nalo."

Walipaka mbao tatu. Siku ya ukungu mzito, Effie alipanda mpaka kanisani. Alivua miwani yake, akapaka siagi katikati ya kila kioo, akaivaa tena. Mchungaji alimkuta amesimama hivyo langoni.

"Effie, una nini machoni?"

"Siagi, mchungaji. Natazama kama dada yangu."

Alilazimika kugeuza uso pembeni ili aone. Njano hafifu ilipotea kabisa ndani ya ukungu. Ile kali aliyoipenda dukani ilionekana, lakini iligombana vibaya na paa jekundu. Ya tatu, nzito kama kiini cha yai, ilibaki. Kule chini nyumbani Ches alikuwa ameshika ubao mweupe kando ya ule wa njano, kama alivyoagizwa. Weupe ulipokutana na njano, ukingo ulionekana wazi, kama umbo la mlango. Effie aliteremka akicheka peke yake, siagi ikimtiririka puani.

Mwezi wa Julai walipata siku nne kavu. Walingoja umande ukauke kila asubuhi. Ilitangulia rangi ya msingi, kisha njano mara mbili. Safari hii ilikuwa rangi ya maji ya nje, ya nyumba, inayozuia mvua lakini inaruhusu mvuke kupita. Fremu za madirisha na mlango zilipakwa nyeupe. Ches alipaka ukuta wa jikoni mwenyewe, wala hakuruhusu mtu amsaidie.

Triffie alifika Jumapili ya kwanza ya Agosti. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka majini. Gari lilimwacha kanisani kama alivyotaka. Effie alisimama mlangoni, amekatazwa kuita. Alimwona dada yake akiteremka na fimbo, mwanamke mdogo mwenye koti la mvua. Kwenye njia panda Triffie alisimama. Alielekea upande wa nyumba ya jirani. Effie alifungua mdomo, Ches akamshika mkono.

"Mwache," alinong'ona.

Triffie aligeuza uso pembeni. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akaiacha njia ya jirani, akashuka moja kwa moja mpaka kwenye lango lao, akapanda ngazi tatu bila kuzihesabu, akaweka kiganja ukutani.

"Baba alibakiza rangi nyingi mwaka ule," alisema.

Effie alilia. Hakuona sababu ya kujificha.

"Niliiona tangu njia panda," Triffie aliendelea. "Lakini nikajiambia, macho yangu waongo haya. Ndipo nikasikia harufu ya nyama ya chumvi na kabichi, imejaa njia nzima. Mnapikia nje siku hizi?"

"Ni feni," Ches alisema kwa majivuno, kana kwamba ameibuni yeye. "Mvuke wote unatoka nje. Ngoja nikueleze habari za kuta."

"Mwache kwanza avue koti, mzee," alisema Effie.

Triffie hakulala kwa jirani. Alilala katika chumba chake cha zamani, na alikaa mpaka mwaka uliofuata.

Theluji ilipoyeyuka, Ches alitoka na kopo na brashi, kama kila Mei. Aliizunguka nyumba. Alipitisha kiganja ukuta wa mbele, hakikuwa na unga. Nyuma alitafuta malengelenge kwa vidole, ubao kwa ubao, mpaka chini ya dirisha la jiko. Hakupata hata moja. Triffie alikuwa ameketi ngazini, akisikiliza hatua zake.

"Umepata cha kupaka?" aliuliza.

"Sijapata," alisema Ches. Alisimama kidogo na kopo lake. "Nitapaka mashua."

"Rangi gani?"

Ches alirudi nyuma hatua chache, akaitazama nyumba. Kesho yake alikwenda dukani kununua rangi ya mashua ya njano. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza pale Pelley's Reach, mashua ndiyo iliyopata rangi yake kutoka kwa nyumba.